Shajara ya mradi: umri wa udongo wa kisima, Pande, Kilwa

9 Julai

Sampuli za kwanza zimefika Lindi salama. Mifuko imepangwa sakafuni kwa kufuata kina, kuanzia mdomo wa kisima hadi mita 14, ambako fundi amefikia kwa sasa. Kina kimeandikwa kwa maka peni nje ya mfuko na tena kwenye karatasi iliyotumbukizwa ndani, maana wino wa nje hufutika mifuko ikisuguana njiani.

Kwa anayeanzia hapa: tunatafuta umri wa udongo huu kwa kutumia visukuku vya viumbe wa baharini ambao wengi wao hawaonekani bila hadubini. Kisima ni cha kijiji kimoja upande wa Pande, wilaya ya Kilwa. Hatukichimbi sisi, na fedha za kuchoronga hatuna. Wanakijiji wamemweka fundi, fundi anatafuta maji, sisi tunaokota kifusi chake. Maji hayajaonekana, na hasara yake hiyo ndiyo bahati yetu: udongo usiopitisha maji ndio unaotunza visukuku.

Mita 5 za juu ni udongo wa manjano wenye mipasuko na vipande vya jasi vinavyometameta. Chini ya hapo rangi inageuka kuwa kijivu chenye ukijani, na inabaki hivyo. Fundi anauita udongo wa buluu na anauchukia kwa moyo wote. Sururu haiubomoi, inauchonga laini kama sabuni ya mche, na vipande vinapandishwa kwa kapi vikiwa bado na alama ya ncha ya sururu ubavuni.

"Huu hauna maji, mtaalamu. Nimeshakutana nao kwingine," aliniambia alipopanda kupumzika. Kisha akauliza, "Hivyo vidude vyenu vinaweza kusema unaishia wapi?"

Nilimjibu, "Tutajaribu, mzee." Naliandika swali lake hapa kwa sababu ni zuri kuliko letu.

12 Julai

Hatuanzi gizani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Paul Pearson walishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ambako Joyce Singano alikuwa mtaalamu wa visukuku vidogo, wakachoronga mashimo mengi mafupi kwenye ukanda wa Kilwa na Lindi. Mradi ule unajulikana kwa kifupi chake, TDP, yaani Tanzania Drilling Project. Ndio uliotupa mpangilio wa matabaka tunaoutumia leo. Kretasia, Paleosini, Eosini na Oligosini ni vipindi vya historia ya dunia, kuanzia cha kale hadi cha karibuni zaidi. Nangurukuru ni ya mwisho wa Kretasia, Kivinje ni ya Paleosini na mwanzo wa Eosini, Masoko ni ya Eosini ya kati, na Pande inaanzia Eosini ya mwisho na kuingia Oligosini. Mtu wa kwetu akitaja majina hayo anataja vituo vya basi na minada ya samaki. Kwa watu wanaosoma historia ya bahari, ni kurasa za kalenda.

Kilichowaleta huku ni ubora wa magamba. Foraminifera ni viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba la kalsiamu kaboneti; wengine huelea karibu na uso wa bahari, wengine huishi sakafuni. Wakifa, magamba huzama na kuzikwa kwenye tope. Sehemu nyingi za bahari kuu magamba hayo hukaa muda mrefu kwenye maji baridi ya chini na kujengeka upya polepole, punje kwa punje, mpaka yanakuwa meupe na ya ukungu. Anayepima isotopu za oksijeni (atomi za oksijeni zinazotofautiana uzito) ndani yake, akidhani anapima joto la uso wa bahari ya kale, kumbe kwa sehemu anapima baridi ya sakafuni. Ndiyo maana kwa miaka mingi makadirio yalionyesha bahari za tropiki za Eosini zikiwa na nyuzijoto 15 hadi 23 tu, wakati ncha za dunia hazikuwa na barafu ya maana. Hesabu ilikuwa haikai sawa.

Magamba ya Kilwa yamelala kwenye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, wala hayakuwahi kuzikwa chini sana. Yametoka yanang'aa, unaona mwanga upande wa pili. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba bahari ya tropiki ya nyakati hizo ilikuwa na nyuzi 28 hadi 32 kwa uchache. Suala zima la joto la kale likabidi liangaliwe upya, na tope la nyumbani ndilo lililokuwa ushahidi.

Sisi hatupimi isotopu. Tunataka umri tu. Ila ubora uleule unatusaidia kumtambua kila kiumbe kwa jina.

17 Julai

Kuosha. Kazi hii haina heshima yoyote, lakini mradi unaharibikia hapa au hauharibiki kabisa.

Udongo unakaushwa kwanza, ndipo unalowekwa. Ukiuloweka ukiwa mbichi unakaa bongebonge hadi kesho. Ukikauka kabisa kisha ukakutana na maji, unamomonyoka wenyewe beseni zima likawa uji. Uji huo unapitishwa kwenye chekecho la mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mfinyanzi unapita, magamba yanabaki. Kutoka kwenye konzi mbili za udongo kinachosalia hakijazi kijiko cha chai.

Maji ya visima vya mtaani kwetu yana chumvi. Yakikaukia kwenye mabaki, fuwele za chumvi zinatanda juu ya magamba na huoni kitu, kwa hiyo suuza ya mwisho ni maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake. Yanapatikana kwa tabu na kwa kuni nyingi.

Kati ya sampuli moja na nyingine chekecho linachovywa kwenye rangi ya methilini ya buluu, tuliyopewa na maabara ya sekondari. Gamba lolote lililong'ang'ania kwenye matundu linapata rangi. Likijitokeza kwenye sampuli inayofuata, tunajua ni mgeni na tunalitoa. Huu ni ujanja wa zamani wa maabara za visukuku. Asiyeufanya simwamini hata akiwa na hadubini ya mamilioni.

25 Julai

Tumeanza kuangalia. Mwalimu wa jiografia amekuja na wanafunzi wake wawili wa kidato cha tano, tukapokezana hadubini. Mabaki yanamwagwa kwenye sahani nyeusi yenye miraba, unayapitia mraba kwa mraba, na ukiona gamba unalitaka unaligusa kwa brashi iliyolowa ncha. Linanata, unalihamishia kwenye slaidi. Usipumue kwa nguvu.

Udongo wa manjano hauna kitu. Kuna mchanga kidogo, jasi, vipande vyenye kutu, na hakuna gamba hata moja. Binti mmoja akafurahi: kitabu kimemwambia kwamba Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, ametoweka mwishoni mwa Eosini, na hapa Hantkenina hayupo, basi mita 5 za juu ni Oligosini.

Nilimrudishia sahani. "Hebu niambie, mwanangu, wengine wako wapi?" Hayupo Hantkenina, lakini hayupo mtu yeyote. Udongo ulipokutana na hewa na mvua, paireti, madini ya chuma na salfa, iliyokuwa ndani iligeuka tindikali ya salfa, tindikali ikala magamba yote, na kalsiamu yake ndiyo hiyo jasi inayometameta. Tabaka hilo haliwezi kutoa ushahidi wa kuwepo wala wa kutokuwepo. Kiumbe anahesabiwa kuwa ametoweka pale tu ambapo majirani zake wapo, tena wazima, na yeye peke yake ndiye hayumo. Binti alinyamaza kidogo, kisha akaandika kwenye daftari "mita 0–5: hakuna jibu", akapigia mstari. Ndivyo inavyotakiwa.

Mfuko wa kwanza wa kijivu ulikuwa mambo mengine. Magamba yamejaa, yanang'aa, mengine bado yana matundu yake safi. Na huyo hapo Hantkenina: vyumba vimepangwa kwa kuzunguka, na kila chumba kina mwiba wake mrefu wenye uwazi ndani, unaotokea begani. Mzima alikuwa mmoja. Waliobaki wamevunjika miiba wakati wa kuosha, na hiyo miiba iliyovunjika imetapakaa kwenye miraba. Nimewaambia wanafunzi waiokote pia. Hakuna kiumbe mwingine kwenye mabaki haya mwenye mwiba wa namna hiyo, hivyo kipande kinatosha kumtaja mwenyewe.

Pamoja naye yuko foraminifera mwingine, Turborotalia cerroazulensis, yule mwenye ukingo mkali. Huyu alitoweka kabla kidogo ya Hantkenina, karibu miaka milioni 34.0 iliyopita, Hantkenina ni milioni 33.9. Kuwepo kwao wote wawili kwenye kijivu cha juu kabisa kunatosha: udongo huu wa kijivu wote ni wa Eosini.

26 Julai

Mwalimu ameuliza kwa nini tunasoma kisima kutoka juu kwenda chini wakati tope lilijilundika kutoka chini kwenda juu. Jibu nimelipata zamani, nikifanya kazi kwenye mtambo wa kuchoronga gesi kule Mtwara, tukikusanya vipande vya mwamba vinavyopandishwa na matope ya mtambo.

Shimo halina adabu. Kuta humomonyoka na vya juu huangukia chini. Ukimkuta kiumbe fulani mita 2000, huwezi kuapa kwamba anatoka mita 2000. Huenda ameporomoka kutoka 1500. Kwa hiyo kuibuka kwake, yaani tabaka la chini kabisa alikoanzia, hulioni vizuri kamwe. Lakini kutoweka kwake unakuona. Ukishuka kutoka juu, mara ya kwanza unapokutana naye ndipo alipoishia, kwa sababu hakuna kitu kinachoporomoka kwenda juu. Makampuni ya gesi yanaendesha kalenda zao za visimani kwa kanuni hiyo, na kisima cha fundi chenye ndoo na kapi kinafuata kanuni ileile. Kuta zake nazo humomonyoka. Nimeona kwa macho yangu bonge la manjano likidondoka pembeni ya kichwa chake.

Kwa hiyo orodha yetu ni ya waliotoweka, kuanzia wa karibuni. Turborotalia cerroazulensis na Hantkenina tumeshawapata. Wanaofuata kushuka chini ni Discoaster saipanensis, karibu milioni 34.4, na foraminifera Globigerinatheka index, karibu milioni 34.6.

7 Agosti

Mwalimu na wanafunzi wako Ngongo kwa ajili ya Nanenane. Kazi imesimama. Fundi amefika mita 17, udongo ni uleule.

20 Agosti

Discoaster si foraminifera. Ni sehemu ya mwani wa seli moja, nyota ya kalsiamu kaboneti yenye ukubwa wa mikroni 10 hivi, na chekecho letu linampitisha pamoja na mfinyanzi. Kwake hakuna kuosha. Unachukua chembe ya udongo kwenye kijiti cha meno, unaikoroga na tone la maji juu ya kioo, unaikausha juu ya pasi iliyogeuzwa chali, unaweka tone la mafuta na kuangalia kwa ukuzaji wa mara 1000. Hadubini ya shule inafika hapo kwa lenzi yake ya mafuta, ambayo tuliikuta bado kwenye boksi lake.

Kwa jamaa zake, kokolithi, yaani visahani vya mwani wa aina hiyo, unahitaji mwanga uliopolarishwa kwa karatasi mbili za polaroidi. Tulizipata kwenye kioo cha kikokotoo kibovu: moja chini ya slaidi, nyingine juu ya lenzi ya jicho, unaizungusha hadi uwanja wote uwe mweusi. Hapo kokolithi zinawaka, kila moja na msalaba mweusi katikati, na ukizungusha slaidi misalaba inabembea. Wanafunzi walikataa kuondoka kwenye hadubini. Mimi mwenyewe sikuwalaumu.

Diskoasta zenyewe hazionekani hivyo. Kwenye giza lile nazo ni giza. Unaondoa karatasi ya juu na kuzitafuta kwa mwanga wa kawaida. Tulipitia slaidi kutoka mita 5 kushuka. Kokolithi tele kila mahali, za aina nyingi, zimehifadhiwa vizuri, na nyota hakuna. Ilipofika sampuli ya mita 13 zikaanza: nyota zenye miale iliyochongoka, chache kwanza, kisha kwenye 14 za kutosha. Ni Discoaster saipanensis. Safari hii "hakuna" ya juu yake ni ya kuaminika, kwa maana majirani walikuwepo wakati wote.

21 Agosti

Kwenye mita 9 kuna Watznaueria, kokolithi wa kale. Huyo ni wa vipindi vya Jura na Kretasia, amepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka milioni 30 kufika hapa. Hakuna cha kushtuka. Bahari ya Eosini ilikuwa ikimomonyoa miamba ya Kretasia iliyokuwa tayari ufukoni, na vumbi lake likaanguka upya pamoja na tope jipya. Huyu ni kinyume cha wale wanaoporomoka kisimani: anatoka kwenye wakati wa zamani na kuingia kwenye tope changa, kwa hiyo hata kanuni ya kusoma kutoka juu inaweza kudanganywa naye. Kinga ni idadi na hali. Mmoja aliyechakaa kati ya mamia ya wazima hatawali tarehe. Hantkenina wetu ni wengi, wanang'aa na wako sampuli baada ya sampuli, hivyo yeye si mhamiaji.

2 Septemba

Binti yule wa mita 0–5 ameuliza swali ambalo watu wazima huliruka: nani aliandika hizo milioni kwenye visukuku? Gamba halina tarehe.

Halina kweli. Visukuku vinatoa mpangilio tu, nani kabla ya nani. Namba zinatoka kwingine na kubandikwa. Mpaka wa Eosini na Oligosini unawekwa rasmi kwenye mwamba wa Massignano, karibu na Ancona huko Italia, tangu mwaka 1992, pale Hantkenina wa mwisho anapoishia. Katikati ya matabaka yale kuna majivu ya volkano yenye madini yanayopimika kwa mionzi yake. Juu ya hayo kuna migeuko ya sumaku ya dunia iliyoandikwa kwenye mashapo, na mizunguko ya mwendo wa dunia, ile aliyoihesabu mwanasayansi wa Serbia Milutin Milanković, inayobadilisha mashapo kwa awamu zinazohesabika. Vyote vinasukwa pamoja, namba inapatikana kule, na Hantkenina anaibeba hadi Pande kwa sababu alielea kwenye bahari zote zenye joto na akatoweka, kwa kipimo cha miamba, kwa wakati mmoja.

Na hakutoweka bila sababu. Kipindi hicho hewa ya ukaa ilipungua na barafu kubwa ikajijenga Antaktika kwa mara ya kwanza. Sehemu ya ushahidi wa kupungua huko, uliochapishwa mwaka 2009, ilisomwa kwenye boroni iliyomo ndani ya magamba kutoka Tanzania, kutoka mashimo ya TDP ya upande huuhuu wa Pande. Tunapita palipopitwa.

14 Septemba

Matokeo, kama yalivyo leo. Mita 0–5, hakuna jibu. Kijivu cha juu ni cha kati ya milioni 34.0 na 34.4. Kuanzia mita 13 ni zaidi ya milioni 34.4. Globigerinatheka index hatujamwona hadi mita 14; kama naye hayumo kwenye mita 14–17, chini ya kisima hapazidi milioni 34.6. Ikiwa hivyo, mita 12 za udongo zililala kwa miaka isiyozidi 600,000, yaani sentimita 2 au zaidi kwa kila miaka 1000, bila kuhesabu jinsi ulivyokandamizwa. Kwa bahari ya kina, hiyo si kasi ndogo. Mto fulani ulikuwa ukimwaga tope kwa bidii.

Tulimpelekea fundi jibu lake. Nilimweleza kwamba udongo wake ni wa tabaka la Pande, na mashimo ya TDP katika eneo hilo yalipita zaidi ya mita 100 yakiwa bado kwenye udongo wa namna hiyo. Mtaimbo wake hautauvuka.

"Mita 100!" Alitema mate pembeni. "Ungeniambia nikiwa mita 6."

Nikamwambia mita 6 nilikuwa sijui, udongo ulikuwa bado haujaoshwa. Wazee wa kijiji wamekubaliana kusimamisha kisima na kuita wataalamu wa maji wa wilaya wapime upande wa bondeni, ambako kuna mchanga. Fundi amelipwa kwa mita alizochimba, ubishi ulikuwepo lakini umeisha.

Kinachofuata kwetu: shimo fupi juu ya kilima kidogo nyuma ya kijiji, kutafuta udongo mchanga zaidi ambao haujaliwa na tindikali, tuone kama tunaweza kumkuta Hantkenina akiishia. Mwenye shamba amekubali kwa sharti la kufukia, maana mbuzi wake wanapita pale. Sampuli za mita 14–17 bado ziko mifukoni. Maji ya kusuuzia yamekwisha na kuni zimepanda bei.